Kiganja Ukingoni mwa Ungo

Uziwi wa Yao Fumei ulikuwa na heshima yake. Aliupata, kama alivyoamini yeye na kama walivyoamini wote waliomjua, katika kiwanda cha hariri cha Shengze, ng'ambo ya mfereji, alikoingia akiwa msichana na kutoka akiwa mama wa mtu mzima. Shengze mwanamke asiyesikia vizuri haulizwi sababu. Watu humsogelea, humwangalia usoni na kupandisha sauti. Masikio yale yamefuma mablanketi ya harusi ya nusu ya mkoa, na yana haki ya kupumzika.

Alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye viganja vigumu na mgongo ulionyooka. Kiwanda kilipofungwa, ukumbi wa mashine ukageuzwa ghala la vitambaa vya plastiki, naye akaanza kuishi katika ukimya ambao haukumstarehesha. Alizitamani kelele zile. Mashine zilipowashwa asubuhi, sakafu yote ilitetemeka, na mtetemo ukakupanda miguuni hadi kwenye meno. Humo ndani hakuna aliyesikia neno, lakini hakuna mahali walipopiga soga kama humo. Walizungumza kwa midomo. Kugusa ndewe ya sikio kulimaanisha msimamizi anakuja. Kujifuta kidevu, msimamizi amelewa tangu jana.

Dada Gu Yun'er, aliyesimama mashine ya kukabiliana naye, aliweza kusimulia kisa kizima cha mume wake na bata aliyeibwa bila kutoa sauti, huku mikono ikifunga nyuzi zilizokatika. Fumei alicheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko chake nacho hakukisikia mtu. Kwake hizo ndizo zilikuwa siku njema.

Nyuma ya siku hizo kulikuwa na nyingine, za zamani zaidi na tamu zaidi: majira ya viwavi wa hariri nyumbani kwa nyanya yake mzaa mama, kijijini kando ya Ziwa Tai. Katika nchi hiyo mama mzaa baba huitwa nyanya, basi. Mama mzaa mama huitwa nyanya wa nje. Mtoto hufundishwa tofauti hiyo kabla hajajua kuvaa viatu. Makaburi ya kwa baba ndiyo anayokwenda kuyafagia majira ya kuchipua. Jina la baba ndilo analobeba. Nyanya wa nje ni mtu wa kutembelewa, wa kukupa maharage ya kijani yaliyokaushwa kwenye moshi uyatie katika chai, kisha wa kuagwa. Anapendwa, lakini hahesabiwi.

Fumei alimpenda kuliko wote. Viwavi walipoanza kula, kila nyumba ya kijiji ilifunga mlango na kuchomeka tawi la mpichi juu yake. Mgeni hakubisha hodi. Ilikuwa mwiko kukaanga samaki, kulia, kugombana, hata kuongea kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa kiwavi akishtuka huacha kula, na kiwavi asiyekula hatoi hariri. Kwa mwezi mzima kijiji kiliishi kwa kunong'ona na kwa ishara za mikono. Ndani ya chumba cha viwavi mlisikika kitu kimoja tu: maelfu ya vinywa vidogo vikitafuna majani ya mforsadi, sauti kama ya mvua laini juu ya paa.

Nyanya wa nje alipita kati ya nyungo pana za mianzi bila viatu. Penye kila ungo alisimama, akaweka kiganja ukingoni, akafumba macho, kisha akatikisa kichwa kuwa hawa wameshiba, au akanyoosha mkono kuomba majani. Fumei aliwaza kwamba ule ni ustadi wa wafugaji wa kale. Akiwa na miaka sita alimwiga, na aliposhika ukingo alihisi kitu kama mchwa wengi wakitembea chini ya ngozi yake. Nyanya akamtazama midomo, akatabasamu. Kumbukumbu hiyo Fumei aliitunza maisha yake yote kama mtu anavyotunza kitambaa kizuri sandukuni, bila kukishona wala kukivaa.

Binti yake wa pekee, Lu Minwei, hakukanyaga kiwandani hata siku moja. Alisoma, akaajiriwa Suzhou na duka kubwa la vitambaa akipokea oda kwa simu, akaolewa na Zhou Keren, fundi wa lifti, kijana mpole asiyependa mabishano. Walikaa na mama yake Keren, mjane aliyeitwa Mama Tang, ambaye kwa ulimi wake angeweza kumenya yai bichi.

Mwaka wa tatu wa ndoa Minwei alianza kuwa na kiu. Akakonda. Fumei alimsindikiza zahanati, akapimwa, ikaonekana sukari iko juu. Mganga akauliza swali linaloulizwa kila mahali: katika ukoo wenu kuna mwenye kisukari? Fumei akajibu kwa fahari kwamba hakuna. Baba yake aliishi hadi meno ya dhahabu yakamchakaa mdomoni. Baba zake wadogo walikuwa wanene na wazima kama matikiti. Hakusema uongo. Alihesabu ukoo kama alivyofundishwa kuuhesabu, na katika hesabu hiyo mama yake mwenyewe hakuwamo: yule mwanamke mwembamba, kiziwi, mfumaji kama yeye, aliyekufa akiwa na kiu, kikombe cha bati kitandani mwake. Mama alikuwa mtu wa nje aliyeolewa ndani. Kifo chake kiliitwa kazi nyingi.

Minwei akapewa vidonge vinavyopewa wengi. Miezi ikapita. Badala ya kupata nafuu akawa anatapika, miguu inamwuma akipanda ngazi, mwili unamwishia nguvu mchana. Akarudi, dozi ikaongezwa, akazidi kudhoofu.

Fumei alipokwenda kumwona, alimkuta amejilaza kwenye kochi, na Mama Tang amesimama jikoni akikatakata vitunguu kwa hasira.

"Karibu, mkwe," alisema Mama Tang kwa sauti kubwa, nusu kwa ajili ya masikio ya mgeni, nusu kwa ajili ya majirani. "Umekuja kumwona malkia? Mimi nampikia bila sukari, bila wali, bila chochote, na sukari inapanda. Inapandaje? Inapanda lifti ya mwanangu?"

"Mama, sili kitu," Minwei alisema.

"Huli! Na zile keki za mchele za kijani nilizonunua kwa ajili ya makaburi, zenye maharage matamu ndani, zilikuwa kumi. Zikabaki nane. Zimetembea zenyewe?"

"Alikula Keren."

"Keren hapendi maharage matamu tangu amezaliwa. Mimi ndiye niliyemzaa."

Keren, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, alifungua mdomo na kuufunga. Ni yeye aliyezila, mbili kwa mpigo, akiwa amesimama mbele ya friji. Lakini aliona bora amani ya nyumba kuliko haki ya mkewe, na wanaume wa namna hiyo huitwa wapole. Mgonjwa akishaitwa mlafi, kila tonge lake huwa ushahidi. Na wanaomhukumu hulala vizuri, kwa sababu ugonjwa unaotokana na kosa lako hauwezi kunipata mimi nisiye na kosa.

Fumei alikaa kando ya binti yake, akamshika mkono. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama anataka chai. Minwei hakujibu. Akageuka, akamkazia macho mdomoni, akasema, "Eti?"

Fumei akarudia, safari hii akiwa ameinamisha uso kupanga vikombe. Kimya. Alipoinua uso tena, Minwei akajibu mara moja: "Ndiyo, chai."

Namna ile ya kutazama midomo Fumei aliijua kuliko alivyojua sura yake kwenye kioo. Ni ya wafumaji. Mtoto huyu aliipata wapi, na mashine aliiona kwenye picha tu?

"Kazini unaendeleaje na simu?" aliuliza.

Minwei akaona haya. "Wamenihamishia ghalani. Wanasema nakosea oda. Mteja anataka nyekundu, naandika nyeusi. Mama, usimwambie mtu."

Ndipo Fumei aliposema kwa sauti iliyofika jikoni kwamba kesho wanakwenda hospitali kubwa. Mama Tang akasema na yeye atakwenda, asikie mwenyewe huyo daktari akimkanya malkia.

Daktari Ruan alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoisukuma juu ya nywele kila alipotaka kusikiliza. Alimtazama Minwei aliyekonda, akatazama orodha ya dawa, akakunja uso. Kisha akamtazama Fumei, aliyekuwa akimkodolea midomo. Akawauliza maswali mawili matatu huku amegeuka kuelekea dirishani, makusudi. Hakuna aliyejibu isipokuwa Mama Tang.

"Mama," daktari alimgeukia Fumei. "Masikio yako yaliharibika lini?"

"Mashine, daktari. Mimi mfumaji."

"Na mama yako mzazi alisikia?"

"Hakusikia. Mfumaji pia."

"Alikufa na nini?"

"Kazi. Alikonda. Alikuwa na kiu sana."

Daktari akashusha miwani. "Nisikilizeni. Kuna kisukari cha namna ya peke yake. Hakitokani na kula, wala hakiwapati wanene. Kinakwenda pamoja na masikio, na kinapita kwa mama tu. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Wa kike huendelea kukipitisha, kwa wa kiume huishia hapo. Kama huyu binti anacho, vidonge hivi anavyokunywa vinaweza kumdhuru, na kutapika huku kunanitia shaka. Lakini kipimo chake hakifanywi hapa, hupelekwa Shanghai, na mimi sipeleki damu ya mtu kwa kubahatisha. Shengze nzima ni viziwi. Sasa nataka kujua: upande wa mama yako, yupo aliyepoteza masikio bila kukanyaga kiwandani?"

Keren, aliyechelewa akilipia kadi ya hospitali, akaingia na kusimama mlangoni. Mama Tang alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, macho yamemtoka. Alikuwa akingoja mjukuu tangu siku ya harusi. Fumei alielewa vizuri nini kilikuwa kinangoja mdomoni mwake. Akisema hakuna, basi ni mashine. Heshima yake inabaki, binti yake anabaki mlafi, na vidonge vinaendelea. Akisema yupo, atakuwa amesema mbele ya mkwe huyu kwamba ugonjwa umeingia nyumbani kwao kupitia tumbo lake, na kwamba mjukuu anayengojewa anaweza kuja nao.

Watu wengi wema wamenyamaza mahali kama hapo. Huita kunyamaza kwao busara, na anayelipia busara hiyo huwa ni mwingine.

Fumei alitazama viganja vyake. Akaona ungo. Akamwona nyanya wa nje bila viatu, macho yamefumbwa, kiganja ukingoni. Kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo mtoto wa miaka sita hakulijua na mtu mzima hakutaka kulijua: kwa nini mtu aweke mkono kusikiliza kitu ambacho chumba kizima kinakisikia? Mwezi ule kila mtu alinong'ona, kila mtu aliongea kwa mikono. Nani angetambua kwamba mmoja wao hana njia nyingine? Na miezi mingine, walipomwita akakosa kuitika, walicheka, wakasema amezama katika mawazo ya viwavi wake.

"Yupo," alisema. "Nyanya yangu wa nje. Hakufuma hata leso. Alifuga viwavi maisha yake yote katika nyumba ambayo hata mtoto haruhusiwi kupiga chafya. Alikuwa akiwasikiliza kwa mkono." Akaweka kiganja chake kwenye ukingo wa meza ya daktari. "Hivi."

Daktari Ruan alikitazama kile kiganja kwa muda, kisha akachukua kalamu.

"Kumbe!" Mama Tang alisimama. "Kumbe mlijua! Mkatuletea mgonjwa mmemfunga utepe mwekundu!"

"Sikujua," Fumei alisema. "Nimejua sasa hivi, na nimesema mbele yako. Ningetaka kukuficha, mkwe, nilikuwa na mashine mia tatu za kusingizia."

"Na mjukuu wangu je? Nani atam—"

"Mama, kaa chini," Keren alisema.

Mama Tang akamgeukia, mdomo wazi.

"Zile keki nilikula mimi," Keren aliendelea, uso umemwiva. "Zote mbili. Na za mwezi uliopita pia. Kaa chini, daktari anaandika."

Mama Tang akakaa.

Fumei akamwinamia daktari. "Kwa hiyo ni mimi niliyempa."

"Ulimzaa," Daktari Ruan alijibu. "Ukampa yote uliyopewa. Hakuna aliyekuuliza uchague. Nyanya huyo aliitwa nani?"

Fumei akafungua mdomo. Hakulijua jina. Miaka yote hiyo ya kumpenda, hakulijua. Alitoka hadi varandani, Minwei na Keren nyuma yake, akampigia simu mjomba wake, Shen Agen, aliyekuwa bado anaishi katika nyumba ile ile kijijini.

"Mjomba! Mama yako aliitwa nani?"

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Jina! Jina la mama yako!"

"Samaki ninao, njoo uchukue!"

Wagonjwa waliokuwa wakisubiri foleni wakaanza kucheka. Minwei akataka kuchukua simu, akakumbuka kwamba yeye naye si msaada. Mwishowe Keren ndiye aliyeongea na mke wa mjomba, naye akampigia mumewe kelele sikioni.

"Anasema," Keren alieleza, "kwani nani aliwahi kulitumia? Kisha anasema aliitwa Nie Yinxiu. Anataka kujua nani anauliza." Akasikiliza tena. "Na yeye masikio yake anasema yaliharibiwa na pampu ya bwawa la samaki."

Daktari aliyekuwa amewafuata hadi mlangoni akatabasamu kidogo. "Pampu," alisema, na akaandika jina la Nie Yinxiu juu, mahali pa kwanza, na chini yake wote waliobaki.

Majibu yalirudi kutoka Shanghai yakiwa kama daktari alivyodhani. Vidonge vile vikaachishwa, Minwei akaanza sindano za insulini, na kutapika kukaisha kabla ya viwavi wa mwaka ule kuanguliwa. Uchovu haukuisha wote. Daktari hakuahidi hivyo. Fumei naye alipimwa, akakutwa na sukari, yeye aliyekuwa akiamini kwamba ugonjwa huo huwatafuta wanene. Kuhusu mtoto, Daktari Ruan alisema kila mama hupitisha kiasi tofauti, na hakuna awezaye kusema kabla. Waje wazungumze wakiwa tayari, wao wawili tu. Mama Tang hakuwa malaika. Alilalamika kwa majirani majira yote ya kuchipua. Lakini neno malkia lilikoma, na siku moja Fumei alimkuta akisoma maandishi madogo kwenye kisanduku cha insulini kwa kutumia kioo cha kukuzia.

Mwezi wa tano walikwenda kijijini. Mashamba ya mforsadi yalikuwa yamebaki vipande vitatu kati ya karakana za milango ya alumini, na ni Mjomba Agen peke yake aliyeendelea kufuga, nyungo nne tu, kwa ukaidi. Tawi la mpichi lilikuwa mlangoni. Mke wa mjomba akawapa chai yenye maharage yaliyokaushwa, kisha akamtazama Minwei akijidunga sindano tumboni mezani pale pale, na Fumei baada yake. Hakugeuza uso. Akasema tu, "Sogezeni kikombe, msikimwage."

Ndani ya chumba cha viwavi giza lilikuwa lile lile na harufu ya majani ilikuwa ile ile. Minwei alikuwa na kifaa kipya cha kusikia. Alisimama ghafla, akashika mkono wa mama yake, akasema kwa midomo bila sauti: mvua.

Fumei hakuisikia mvua hiyo. Ilikuwa imemwacha zamani, akiwa bado kijana, na hakujua siku iliyoondoka. Akaweka kiganja ukingoni mwa ungo, akafumba macho. Ikaja: mchwa wengi, chini ya ngozi. Alipofumbua macho, upande wa pili wa ungo Mjomba Agen alikuwa ameweka chake, mzee yule wa pampu, na kwa sura yake ilionekana hajawahi kufikiri kwamba kuna njia nyingine.

"Wanakula?" Keren aliuliza kwa sauti kubwa kutoka mlangoni, mikono imejaa majani.

Wote watatu walimwona mdomo ukifunguka. Mjomba akamtisha kwa kidole. Fumei akagusa ndewe ya sikio lake, ishara ya msimamizi, na Minwei aliyefundishwa ishara hiyo njiani akashikwa na kicheko. Wakacheka hadi mabega yakatikisika, bila kutoa sauti, na viwavi wakaendelea kula.